Pointi Saba

Matokeo ya egzetati, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, hayasomwi kwetu Nundu, mashariki mwa Kongo, yanawindwa. Mtu anatuma namba ya mtahiniwa kwa meseji, yuniti zinakatwa, kisha anabaki amesimama pale simu inaposhika mtandao, macho kwenye kioo, kama mvuvi anayesubiri kamba itikisike. Jibu likija na asilimia 50 au zaidi, vigelegele vinapanda na poda nyeupe inamwagwa kichwani mwa aliyepita mpaka afanane na mtu aliyetoka kusagisha mihogo. Ndivyo alivyoingia uani kwangu kijana mmoja wa jirani, poda bado masikioni, mama yake akimfuata nyuma. Mama ndiye aliyesema. "Papa Mwalimu, mtoto amepita, lakini yeye anasema hajapita."

Alikuwa amepata 53. Amesoma seksioni ya biokemia, anataka udaktari, na kichwani mwake alikuwa ameshapanga kila kitu: mwaka huu asiandike popote, akae nyumbani ajisomee, mwakani arudie mtihani, apate 60, ndipo apande kwenda kuomba chuo kikuu. Pointi saba tu, alisema. Alilitamka neno "tu" kwa namna ya kijana ambaye hajawahi kulipia mwaka.

Kila Agosti na Septemba naletewa swali hili, na kwa muda mrefu nililijibu vibaya. Nilikuwa nikiangalia bulteni, yaani ripoti za alama za shule, nikipima kichwa cha mtoto, kisha nikisema huyu ataweza, huyu hataweza. Siku hizi siangalii kichwa kwanza. Naangalia kalenda.

Lakini tuanze na hizo pointi zenyewe, maana zina hadithi. Diploma ya serikali huanzia 50. Chini ya hapo hakuna mjadala wa lini kuomba chuo, kwa sababu hakuna cha kuombea. Juu ya hapo, vyuo vikuu vingi nchini vimezoea kuwagawa waombaji mafungu mawili: mwenye 60 na kuendelea hupokelewa kwa faili lake, na mwenye kati ya 50 na 59 hukalishwa konkuru, yaani mtihani wa kuingilia wa chuo chenyewe. Kwenye udaktari na uhandisi vipo vyuo vinavyowakalisha konkuru hata wenye 60 zao. Soma sentensi hiyo mara ya pili, kwa sababu kijana wangu alikuwa hajaisoma hata mara moja. Yeye aliamini 53 imemfungia mlango. Kumbe 53 ilikuwa imempeleka kwenye mlango wa pembeni, wenye foleni, na mlango aliokuwa anautamani huenda nao una konkuru yake.

Aliutoa wapi mpango wake? Kwa binamu yake aliyeko Kentucky. Ni wengi wa kwetu walioko Marekani siku hizi, waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kupandishwa ndege, na sauti zao zinafika hapa kila jioni kwa WhatsApp. Binamu alimwambia: rudia, mimi SAT nimeirudia mara tatu. Hakumdanganya. SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya kule, hufanyika mara kadhaa kwa mwaka, alama zake huenda mpaka 1600, na vyuo vingi huchukua alama bora ya kila sehemu hata kama ziliandikwa siku tofauti, Kiingereza cha Agosti kikaunganishwa na hesabu za Oktoba. Mtoto wa kule anajiuliza kama aombe mapema, mwanzo wa Novemba, kwa alama alizo nazo, au angoje mpaka Januari huku akijaribu tena. Na tangu 2020 vyuo vingi vikaacha kuudai mtihani huo kabisa, ingawa MIT iliurudisha mwaka 2022 na Harvard ikatangaza kuurudisha 2024. Kurudia ni ushauri mzuri kwa mtu wa Kentucky, kwa sababu kule gharama ya kusubiri ni wiki nane.

Hata ng'ambo tu ya ziwa mambo ni mapole zaidi. Kijana wa Kigoma aliyeteleza kidato cha sita anaweza kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, akachagua masomo yaliyomwangusha na kuyaacha yale aliyofaulu. Chuo kikitaka masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi nne, anajua hasa kipande gani kimekosekana na anakwenda kukitafuta hicho.

Kwetu mtihani hauna vipande. Kuna yale yanayoitangulia sesheni ya kawaida, insha na Kifaransa cha kuzungumza na kazi za vitendo, kisha zinakuja siku nne zenyewe: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya seksioni. Anayerudia anarudia yote. Kemia uliyoipata vizuri mwaka jana haikungojei, inabidi uipate tena, kwenye seri nyingine ya maswali, siku nyingine, labda ukiwa na malaria. Kwa hiyo anayesema anarudi kuongeza pointi saba anasahau kwamba haanzii 53, anaanza upya. Nimewaona waliorudi wakapata 62. Nimewaona pia waliorudi wakapata 51, na mmoja, ambaye mpaka leo akiniona sokoni anavuka upande wa pili, aliyepata 48.

Na wanarudi kwa njia gani? Wengine hujiandikisha kama otodidakti, watu wa kujisomea wenyewe, na hao huanza na jaribio lao la awali kabla ya kuruhusiwa kukaa na wenzao. Wengine wanakwenda kuandikwa darasa la sita la sekondari katika shule ya kijiji kingine kana kwamba hawajawahi kuona karatasi ya egzetati, na hapo mara nyingi jina la pili linaruka au tarehe ya kuzaliwa inapungua miaka miwili. Jambo hilo linaonekana dogo siku hiyo. Miaka sita baadaye mtu anaomba kazi au pasipoti na karatasi zake mbili zinamkana.

Sasa kalenda. Matokeo hutoka katikati ya mwaka, mara nyingi Julai au Agosti. Vyuo huandikisha na kufanya konkuru zao baada ya hapo, kuelekea mwanzo wa mwaka wa masomo, Oktoba au Novemba, mambo yakiwa shwari. Orodha za watakaorudia egzetati kwa kawaida hufungwa baadaye zaidi, na mtihani wenyewe uko mbele sana, baada ya Pasaka. Yaani anayekwenda konkuru Septemba akaanguka, anarudi nyumbani na bado ana nafasi ya kurudia mtihani wa serikali kama alivyokusudia tangu mwanzo. Alichopoteza ni nauli na ada ya kujaribu. Lakini anayekaa nyumbani kujiandaa kwa ajili ya egzetati, konkuru ya mwaka huo inampita, na hakuna mtu atakayemfanyia peke yake mwezi Machi. Njia moja inaacha nyingine wazi, ile ya pili inaifunga ya kwanza. Nikimwambia mzazi hivyo, mara nyingi ananyamaza kidogo halafu anasema, "Kwa hiyo kusubiri kunaweza kusubiri." Sijapata namna bora ya kulisema.

Nina sababu ya kuwa mkali katika hili, na ni haki msomaji aijue. Mwaka 1995 mimi mwenyewe nilipata 56. Nilikuwa na kiburi cha mtoto wa kwanza, na 56 niliiona kama tusi. Nikakaa mwaka mzima, nikauza mawese Mboko, usiku nikasoma kwa koroboi, na mwaka 1996 nikapata 61. Nilishona suruali ya kwendea Bukavu. Oktoba ya mwaka huo vita vya waasi wa AFDL vikaanza upande wetu, Uvira ikaanguka kabla mwezi haujaisha, na mimi nikavuka ziwa usiku pamoja na nusu ya kijiji. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo, nami nikawa mmoja wa waliofyeka vichaka vyake. Pointi zangu tano nilikuwa nazo kwenye mfuko wa nailoni, kavu kabisa. Chuo nilikiona miaka minane baadaye.

Mtu anaweza kusema hiyo ni ajali ya historia, haiwezi kuwa msingi wa ushauri. Ningekubali kama ningeandika kutoka Dodoma. Huku Fizi ajali ya historia ina ratiba. Februari 2025 Bukavu ikaingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zikafungwa, na wazazi waliokuwa wakituma ada za watoto wakabaki na pesa wasizoweza kuzifikisha. Desemba ya mwaka huohuo vita vikafika Uvira. Anayepanga kwamba mwakani barabara, benki na chuo vitakuwa pale vilipo leo, anapanga kwa kutumia nchi ambamo sijawahi kuishi.

Tuache vita. Mwaka wa kusubiri wenyewe, ule wa amani, unakwenda wapi? Mvulana wa miaka kumi na tisa aliyekaa nyumbani Nundu hakai nyumbani. Kufikia Desemba rafiki zake wanamwambia kuna dhahabu Misisi, aende miezi miwili tu atafute pesa ya ada, na Misisi haijawahi kumrudisha mtu baada ya miezi miwili. Au anachukuliwa na kundi lenye silaha, kwa hiari au kwa nusu hiari, kwa sababu kijana asiye na kazi anaulizwa kila siku anailindia nani nchi. Msichana mwenye 53 aliyekaa nyumbani anasubiri mtihani peke yake. Wengine wote nyumbani wanasubiri mahari. Najua wazazi wema waliomwahidi binti yao mwaka mmoja wa kujisomea. Kisha bibi akaugua, mama akaenda kumwuguza hospitalini, na mtungi, jiko na wadogo wanne vikabaki na mtahiniwa. Hakuna aliyevunja ahadi. Mwaka uliisha tu.

Halafu pesa. Watu hudhani kusubiri kunampa baba nafasi ya kukusanya. Elimu bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya shule ya msingi, sekondari na chuo vinalipwa, na huku kwetu vinalipwa kwa dagaa, mawese na mihogo. Mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi nne za ziwa Tanganyika, ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sina ugomvi na samaki. Lakini tazama miezi hiyo: ni ile ya ada ya mtihani, ya matokeo, ya kutafuta nauli ya konkuru. Mvuvi wa Lweba au Kabondozi mwenye mtoto darasa la sita anaingia msimu wa maombi mikono mitupu. Anayejua hilo anaanza kuweka Januari. Asiyejua anasema "mwakani," na mwakani ziwa huenda likafungwa tena tarehe zilezile.

Kuna jambo moja ambalo wazazi hawaniulizi na ningependa waniulize: pointi huongezwaje? Jibu la mtaani ni kununua daftari la maswali ya miaka iliyopita na kuyakariri, au, ovyo zaidi, kutafuta mtu atakayenong'oneza majibu. Kukariri maswali ya zamani kunasaidia kidogo, kwa kuwa mtihani ni wa kuchagua jibu na mtu anazoea sura yake. Lakini kwa miaka yote niliyosahihisha mazoezi kwenye pwani hii, karibu kila mtoto aliyekwama kati ya 50 na 55 alikuwa amekwamishwa na kitu kilekile, Kifaransa. Nyumbani ni Kibembe, sokoni ni Kiswahili, Kifaransa kinaishi ubaoni na kufutwa saa saba mchana. Swali la fizikia analijua, ila hajui linamuuliza nini. Nikimtafsiria kwa Kiswahili analijibu akiwa anamenya muhogo. Mtoto huyo haongezi pointi kwa kurudia fizikia. Anaziongeza kwa kusoma Kifaransa kila siku, chochote kilichoandikwa vizuri, kwa sauti, na kwa kusikiliza redio. Tena Kifaransa hichohicho ndicho kinachowaangusha watu mwaka wa kwanza wa chuo, ambapo profesa hangoji mtu amalize kuandika. Tangu mfumo wa LMD ulipoanza mwaka wa masomo 2021-2022, mwaka wa chuo unahesabiwa kwa krediti 60. Hapo kuna 60 nyingine, na hiyo haijali ile ya diploma ilikuwa ngapi.

Kwa hiyo kijana akiniambia atakaa mwaka ajisomee, namwuliza nini kitabadilika. Nani atamfundisha? Kitabu gani? Saa ngapi, kwa taa gani? Kama jibu ni vilevile kama mwaka jana ila bila mwalimu, basi hata matokeo yatakuwa vilevile ila bila bahati.

Sisemi hakuna anayepaswa kusubiri. Msichana aliyefanya mtihani akiwa na homa ya matumbo, wiki ya pili kitandani, akapata 50 wakati bulteni zake za miaka miwili zinasema 68, huyo ana sababu, maana namba yake inasema habari za ugonjwa. Mtoto aliyehitimu ualimu kwa sababu shule ya jirani haikuwa na seksioni nyingine, na moyo wake wote uko kwenye umeme, huenda mwaka mmoja wa kujijenga hesabu ukamfaa kuliko miaka mitatu ya kulia. Na yupo yule ambaye hata akipokelewa leo hana senti ya kulipa muhula wa kwanza. Kumpeleka mjini akafukuzwe ukumbini kwa minervali, ada ya masomo, siku ya mtihani ni ukatili. Hao nawaambia wasubiri, na nawaandikia kwenye karatasi watafanya nini mwezi kwa mwezi. Wengine wote, ambao ndio wengi, wanasubiri kwa sababu wanaionea haya namba yao.

Nikamrudia kijana wangu. Nilimwambia udaktari una milango zaidi ya mmoja. Bukavu pekee kuna chuo kikuu cha serikali, kuna cha Wakatoliki na kuna cha Waprotestanti, UOB, UCB na UEA, na hakuna kinachofungwa na konkuru ya kingine. Kuna ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, ambako mtu huanza uuguzi au maabara. Ng'ambo ya mpaka, Bujumbura, kuna Hope Africa University ya Wamethodisti Huru, kanisa lilelile lililoijenga hospitali yetu ya Nundu, chuo kilichoanzia Nairobi mwaka 2000 na kuhamia Burundi miaka mitatu baadaye. Nikamwambia aandike mahali pawili, pale anapopataka na pale anapoweza kupavumilia, na asiandike mahali patatu ambapo hata akipokelewa hatakwenda, kwa sababu kila faili ni fotokopi, muhuri na nauli. Nikamwambia pia akachukue bulteni zake za darasa la tano na la sita kwa prefe, mkuu wa shule, kesho asubuhi, kabla prefe hajasafiri. Diploma yenyewe ya karatasi inaweza kuchelewa miaka, na katika kusubiri hiyo hata mimi sina ujanja.

Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, poda ikidondoka magotini. Alipouliza, aliuliza jambo ambalo sikulitarajia. "Na nikiingia chuo na 53, wenzangu watajua?"

Nilicheka, nikaona nimekosea kucheka. Nikamwambia ukweli, kwamba wiki ya kwanza watamwuliza, na ya pili watataka kujua kama ana noti za kemia.

Mama alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole. Bidoni mbili za mawese zilikuwa ndani, ya tatu ingekuwa tayari Jumamosi, na shemeji yake wa Uvira anadaiwa. "Akianguka hiyo konkuru?" aliniuliza.

"Atarudi. Orodha ya kurudia itakuwa bado iko wazi."

"Na akipita?"

Hapo nilikosa jibu la haraka, kwa sababu akipita ndipo gharama zinapoanza. Mama aliniangalia, akafunga kitenge vizuri, akamwambia mwanawe anyanyuke akanawe kichwa, kwa kuwa malori ya Uvira hupita alfajiri na dereva hampakii mtu mwenye vumbi.